Chale Zisizo na Masizi

Pantaleo aliokotwa asubuhi, pembeni ya njia inayotoka kijiji kipya cha Mwisogwe kwenda Ushirombo. Alikuwa kalala kifudifudi, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kanisani. Waliomgeuza waliona chale ndogondogo kwenye panja zote mbili, na nyingine nyuma ya shingo, mbichi, nyekundu. Midomo imepauka kama unga wa muhogo. Chini hakukuwa na tone la damu.

"Mumiani," mtu mmoja akasema. Kanyonywa. Basi, uchunguzi ukaishia hapo.

Mwenyekiti wa kijiji, Bujiku, alifika na mgambo wake. Akasimama mbali na maiti, akatoa amri. Aliyenyonywa na mumiani haoshwi wala havuliwi nguo, azikwe leo hii na shati lake. Na Bwana Malale akamatwe.

Huyo Bwana Malale, wasomi waliokuja baadaye kuandika habari zetu walimwita "mgeni mmoja". Hakuwa mgeni. Jina lake Ansgar, mzaliwa wa Ushirombo, kabatizwa mchanga, kaoa kwetu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari la serikali kijiji hadi kijiji, kuwatoboa watu kidole na kuweka tone moja la damu kwenye kipande cha kioo, ijulikane nani ana malale. Na mbung'o wanaoleta malale walikuwa tele, kwa sababu mwaka ule wa sabini na nne tuling'olewa kwenye miji yetu ya zamani, tukamwagwa porini kwenye mistari ya vibanda, tukaambiwa maendeleo yatatukuta hapo. Gari lilimwacha Ansgar kijijini kwa mkwewe, kwenye kibanda chao, pamoja na mkewe Tereza na mtoto wao Anisia, likaenda mbele. Bujiku mwenyewe ndiye aliyetupanga foleni. Kidole cha kwanza kilikuwa chake. "Msiogope," akacheka, "sindano ya serikali haiumi!"

Tulitobolewa, lakini minong'ono haikukosekana. Vioo vyote vile vinapelekwa wapi? Si huko kwenye machimbo ya almasi? Jiwe litang'aaje bila damu ya mtu?

Ansgar alikokotwa kutoka kwenye uji wake, akasukumwa ndani ya ghala la pamba, mlango ukatiwa komeo. Sanduku lake wakalipasulia uwanjani. Vile vioo vyenye madoa vilipotawanyika juani, wanawake walipiga yowe kana kwamba wameona watoto wao wamelala pale.

"Tungoje polisi," mzee mmoja akajaribu.

"Polisi wa nini? Waliomtuma ndio uwapelekee?"

"Tumzike marehemu kwanza," Bujiku akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioogopesha. "Tukitoka makaburini tutamalizana naye."

Kwa hiyo Tereza alikuwa na muda wa maziko tu kumwokoa mumewe. Akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia kwa mama yake.

Mama yake, Scolastika, alikuwa mpiga chuku. Nani kati yetu hakuwahi kuinama mbele yake? Kichwa kikigonga, mgongo ukikaza, unakwenda. Anakuchanja kwa wembe, anaegesha pembe ya ng'ombe, anafyonza hewa kwa mdomo, anaziba kitundu kwa nta, damu mbaya inajaa ndani. Halafu anaimwaga shimoni nyuma ya nyumba. Alikutwa kibarazani, pembe zake mapajani, hazijaoshwa.

"Mayu, zile chale..."

"Zangu."

Tereza alishika nguzo ya mlango.

"Alikuja jana alasiri," mama akasema. "Mgambo wa Bujiku walimpiga kitako cha bunduki, mbavuni na kichwani. Kisa mabati. Aliyaona mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba zetu za zamani yamelala nyuma kwa mwenyekiti, naye hakunyamaza. Nikampiga chuku. Akafunga vifungo vyote, michubuko isionekane njiani. Anakwenda Ushirombo kwa wakubwa kushitaki. Nikamwambia lala, uende kesho. Akasema, mama, nikilala nitaogopa."

"Lakini chale za chuku watu wanazijua! Kwa nini hukuzipaka masizi?"

Hapo ndipo palipouma. Kwetu chale ya chuku hupakwa masizi ikingali mbichi, ikapona nyeusi, mtu akaiona akajua ni dawa. Na masizi hayo hayachukuliwi popote. Yanakwanguliwa kwenye chungu cha jiko ambalo mwanamke aliwasha siku alipoolewa. Ya jiko geni yanaozesha kidonda.

"Masizi gani, ng'wana wane? Jiko langu lilikanyagwa na trekta, na chungu ndani yake. Hapa tumehamia juzi."

"Ukisema hivyo watakugeukia wewe."

"Nisiposema?"

Mtoto mgongoni alikuwa analia, Tereza akambembeleza kwa kuyumba, anayumba na kuyumba, hata mtoto aliponyamaza hakuacha. Akamwomba mama yake wakimbie wote kwa padri. Mama akauliza padri yuko mbali kiasi gani, na makaburi yako mbali kiasi gani. Kisha akainuka, akakusanya pembe zake kwenye kanga.

Watu waliporudi kutoka kuzika, walimkuta Scolastika kasimama mbele ya ghala, mgongo kaupa mlango. Kwa desturi zetu mkwe na mama mkwe hawatazamani; tangu harusi alikuwa hajamwona Ansgar usoni, na hata siku ile hakugeuka.

"Pantaleo nilimpiga chuku mimi," akasema. "Huyu wa ndani hajui kitu."

Bujiku akaangua kicheko. "Kumbe! Kwa hiyo anayefyonza watu kwa mdomo ni wewe, bibi?"

"Nilikufyonza hata wewe mgongo, Bujiku, ukalia kama ndama. Umesahau?"

Baadhi walicheka. Nakumbuka kicheko kile. Kwa muda mfupi tulirudi kuwa watu. Mama yule akaona, akasonga mbele.

"Fukueni. Mvueni shati mwone mbavu zake. Pantaleo alikuja kwangu kapigwa, na aliyepiga yumo humu, kashika bunduki ya kijiji."

Macho yote yakaenda kwa mgambo, na yote yakarudi chini haraka. Nyamizi, mjane wa Pantaleo, alikuwa kajifunika kanga, hakuinua kichwa.

"Sawa," Bujiku akasema. "Chuku. Masizi yake yako wapi?"

Scolastika akaeleza habari ya jiko.

"Yaani jiko lako linajua kuchagua kijiji!" Akawageukia watu. "Mmesikia? Damu katoa, dawa hakuweka. Na hiyo damu, bibi, umeiweka wapi?"

"Shimoni, kama siku zote."

"Twendeni tukaione."

Wakamchukua mbele yao kama ng'ombe wa mnada, na mgambo nao wakafuata, nani abaki wakati kuna tamasha? Akimpita Tereza, mama alisema bila kugeuza shingo, "Mwambie mwenzio asingoje."

Shimo lilikuwa tupu. Mchanga mkavu, mweupe, na siafu wachache. Mchanga wa pori lile unakunywa ndoo ya maji usibaki hata na unyevu, na kila aliyeshika jembe pale alijua hivyo. Lakini alasiri ile hakupatikana mkulima.

"Damu haipo!"

"Kaipeleka!"

"Wanagawana na mkwewe!"

Tereza alikuwa ameinua komeo. Ansgar alitoka kakunja macho, jua limempiga, jino moja limevunjika.

"Mama yuko wapi?"

"Amesema twende, baba Anisia."

"Nimekuuliza mama yuko wapi!"

Ndipo zile kelele zikabadilika sauti kule nyuma ya vibanda. Ansgar akapiga hatua kuzielekea. Tereza akamng'ang'ania mkono, mtoto katikati yao, akamwambia, "Ukirudi, atakuwa kafa bure." Wakaingia porini.

Polisi walikuja baada ya kila kitu, wakaandika kwamba bibi mmoja ameuawa na wananchi wenye imani potofu. Sawa, imani ilikuwa yetu, sikatai. Lakini imani haivai buti, haibebi bunduki, wala haiezeki nyumba yake kwa mabati ya wenzake. Hilo halikuandikwa.

Ansgar akahamishiwa kituo kingine. Tereza hakutulia. Alipanga chumba mjini, mtaa wa Nyasubi, akawa anakwenda kwa wakubwa, anatoka, anarudi, anaomba kitu kimoja: Pantaleo afukuliwe, avuliwe shati, mbavu zihesabiwe, jina la mama yake lisafishwe. Ofisa mmoja, mtu asiye na ubaya, akamwambia ukweli. "Mama, wa kuomba hilo ni mke wa marehemu. Mlete, aombe yeye, mimi nitapeleka watu na majembe."

Akaenda Mwisogwe mchana kweupe, kajifunika uso. Nyamizi alikuwa anamenya karanga. Walisalimiana vizuri, wakapeana pole, karanga zikasogezwa katikati. Tereza akaeleza yote. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho, vidole havikusimama.

"Nilimwona mbavu siku ile alipobadili shati, kabla hajaenda kwa mama yako," akasema. "Najua alivyokuwa."

"Basi twende, dada. Neno lako tu."

"Mama Anisia, wewe mumeo alitoka ghalani. Mimi nimebaki na hawa watoto na Bujiku." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Ule karanga, ukitoka pitia nyuma, wasikuone."