Pumzi ya Simel

Siku ya tisa tangu Simel arudi Isinya kutoka hospitali, akiwa amepungukiwa na karibu nusu ya utumbo, kijiko kiliyeyuka mdomoni mwake. Ilikuwa Machi 2003. Mkewe, Namunyak, alimpa kingine cha mbao, uji usije ukapoa.

Daktari alikuwa amewaeleza mapema. Utumbo ulijisokota, ukaoza, ikabidi ukatwe. Na utumbo ndio huliambia tumbo kwamba asidi imetosha. Ukikatwa, tumbo hukosa wa kulikanya, likamwaga tu. Alimpa vidonge, akasema kwa kawaida hali hutulia baada ya mwaka. Simel aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa na wa kumkanya, ila hakumsikia.

Namunyak alikuwa amemkataza kuuza kipande cha kando ya mto, ambapo ng'ombe wa nyumba yake walikunywa tangu alipoolewa. Kwa mila, ng'ombe wale Simel hakuweza kuwagusa bila ruhusa yake. Ardhi, hata hivyo, iliandikwa jina la Simel peke yake. Akaiuza kwa wenye shamba la maua, akamwambia mkewe kwamba wamekodi tu mpaka mvua zije. Mkataba akaufungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Pumzi yake ikala zipu, ikala sufuria, na mwezi wa nne ikala sanduku. Namunyak akifagia alikuta kutu tupu, na juu yake karatasi nzima, safi, yenye alama ya kidole gumba. Binti yao Zipporah akamsomea taratibu. Ilisema kuuza. Simel, aliyekuwa amelala kitanda hichohicho, aligeukia ukutani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Namunyak hakugomba. Saa tisa alasiri alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Baba Zipporah, amka. Ng'ombe wako na kiu."

Mtoni Simel aliupumulia ua wa waya uliozungushiwa kipande kile, ukalainika, ukadondoka. Ng'ombe wakapita. Kivuva, mlinzi wa shamba la maua, alikuja na koleo yake ya kukazia waya.

"Mzee, uwe unapumulia hapa tu," akaomba. "Nikishona huku na kule nachoka."

Wakakubaliana hapo. Kila asubuhi Kivuva alishona, kila alasiri Simel alisimama kando mdomo wazi, na Namunyak akapita nyuma ya ng'ombe bila kumtazama. Vidonge Simel alivifukia kwenye jivu. Walioonana naye sokoni Kitengela walimwambia amekonda, naye akasema ni ugonjwa.

Februari iliyofuata waya ulianza kuchelewa kulainika. Simel akala ndimu na pilipili, akalala na njaa. Haikusaidia kitu, tumbo lilikuwa limejifunza kutosheka lenyewe. Alasiri moja ya Machi alipumua mpaka machozi yakamtoka, na waya ukapata unyevu tu. Kivuva alingoja kwa heshima, kisha akairudisha koleo mfukoni.

Namunyak aliugusa waya kwa kidole.

"Umepona," akasema, akawageuza ng'ombe.

Jumapili kanisa lilimwita Simel mbele, likasimama kumshukuru Mungu. Alisimama pale akitazama viatu vyake. Namunyak hakuwepo; alikuwa amewapeleka ng'ombe kwenye kisima cha mbali, na huko ni safari ya kutwa.