Vituo Saba vya Mama Laini

Kazini walimwita Mama Laini, na jina hilo likamfuata hata alipostaafu, kama harufu ya dawa inavyomfuata mtu aliyetoka wodini. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya swichibodi ya simu za hospitali kubwa, katika chumba kisicho na dirisha, taa ndogo kumi na mbili zikimkonyeza kutwa nzima. Kazi yake ilikuwa kuunganisha watu: daktari na mgonjwa, mume na mke, mtu na habari asiyotaka kuisikia. Sauti yake ilijulikana mji mzima. Uso wake haukujulikana hata sokoni. Kisha ikaja mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili. Wakampa saa ya ukutani na keki iliyokosewa herufi za jina lake, akarudi nyumbani kwenye simu isiyolia.

Ndiyo maana ile wiki aliyoanza kupanga safari, alifurahi tu kuwa na sababu ya kuishika simu.

Alitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akaibana pembe kwa vikombe vinne. Vikombe alikuwa navyo sita, mtumiaji mmoja. Barabara ya pwani ilishuka toka juu hadi chini kama uzi uliochomoka kwenye pindo la nguo, upande mmoja bahari, upande mwingine miji midogo. Chini kabisa, pale uzi ulipoishia, palikuwa na mji anaokaa binti yake, yule waliyemwita Kidoti tangu mtoto kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo. Kidoti alikuwa na mtoto wa miaka mitatu na nusu. Mama Laini alikuwa na picha moja ya mtoto huyo, na humo alikuwa ameangalia pembeni.

Alichora mistari kwenye daftari kwa rula, kama alivyozoea kazini. Safu ya kwanza, jina la nyumba ya wageni. Ya pili, bei. Ya tatu, maji. Ya nne, geti la kulazia gari. Ya tano, kitasa: je, mlango unafungwa kwa ndani? Mtu anaweza kuvumilia godoro bovu, lakini mlango usiofungwa kwa ndani si mlango, ni pazia la mbao.

Halafu akaanza kupiga.

"Habari za asubuhi," alisema kwa ile sauti yake ya kazini, laini, isiyo na haraka. "Naomba kuuliza nafasi ya usiku mmoja."

"Karibuni sana mama. Mko wangapi?"

"Mmoja."

"Mtafika saa ngapi?"

"Nitafika kabla ya saa kumi jioni. Macho yangu hayapatani na taa za magari. Maji yapo?"

"Yapo mama. Yaani… yanakuja."

"Yanatoka wapi hadi yanakuja?"

Yule mtu wa mapokezi akacheka. "Mama, wewe umewahi kufanya kazi ya upelelezi? Nitakuwekea ndoo mbili chumbani. Na bei nakupunguzia kwa sababu ya hiyo sauti. Utakula na nani, niwaambie jikoni?"

"Peke yangu," alisema, akaandika *ndoo mbili* kwenye safu ya maji.

Jumatatu alikuwa na vituo viwili, vikatosha: siku tatu barabarani kwa mwendo wa pole, kwenye kigari cheupe cha marehemu mumewe. Jumanne akaona bora viwe vinne. Jumatano akapata nyumba moja ya bei ya chini mno, chumba kinachotazama ukuta, na kwa kuwa kilikuwa rahisi hivyo, akaona ni dhambi kukiacha. Vikawa vitano. Alhamisi jirani yake, mshona mapazia, alipokuja na futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, vilikuwa saba.

"Ewe mwanamke," mshona mapazia alisema, akifuata mistari ya daftari kwa kidole. "Hapa na hapa ni mwendo wa nusu saa. Utalala hapa, uamke, uoge kwa ndoo, uendeshe nusu saa, ulale tena?"

"Pana upepo mzuri."

"Upepo! Basi linafika kwa siku moja. Unapanda na giza la asubuhi, unashuka jioni watu wanaanua nguo."

"Basi linanitia kizunguzungu."

"Wewe uliyekaa miaka thelathini kwenye sanduku lisilo na dirisha?" Mshona mapazia akavuta kiti akaketi. Alikuwa mtu wa kusema mambo kama anavyokata kitambaa: akishapima, hapindishi mkasi. "Jirani, wewe husafiri. Wewe unachelewa. Unatafuta vyumba rahisi ili upate kuchelewa kwa pesa kidogo. Huu mstari wa nane mbona mweupe?"

Mama Laini akafunika mstari kwa kiganja. "Huko ndiko kwa Kidoti."

"Anajua?"

Mama Laini akachukua rula, akaupitishia tena mstari uliokuwa umenyooka tayari.

"Mungu wangu," mshona mapazia alisema polepole. "Umeuliza vitasa vya nyumba saba, na mlangoni kwa mwanao hujabisha hodi."

Kisa chenyewe Mama Laini hakuwahi kumsimulia mtu kikamilifu. Siku moja, miaka mitatu na nusu nyuma, taa ya nne iliwaka, akaipokea, na sauti ikasema, "Mama, uchungu umeanza. Mume wangu yuko safarini. Naogopa." Papo hapo taa zote zikawaka kwa pamoja, mabasi mawili yalikuwa yamegongana, na kila mtu mjini alikuwa na ndugu ndani ya mojawapo. Mdomo wake ukasema kile ulichokuwa ukisema mara mia nne kwa siku. "Subiri kwenye laini."

Alipoirudia taa ya nne ilikuwa imezimika. Saa ilionyesha zimepita dakika kumi na moja.

Lakini hilo silo lililomkosesha usingizi. Mabasi yaligongana kweli, na watu walikufa. Lililomkosesha usingizi ni yaliyofuata. Kazini palikuwa na sheria, imebandikwa ukutani juu ya swichibodi mpaka karatasi ikageuka rangi ya chai: laini ikikatika, aliyepiga ndiye anayepiga tena. Opereta hapigi. Opereta akianza kuwapigia waliokatika, laini zote zinajaa na hospitali nzima inakuwa bubu. Basi akasubiri Kidoti apige tena. Alisubiri ile jioni, akasubiri kesho yake. Siku ya tatu ukaja ujumbe: *Mtoto wa kiume. Wote wazima. Usijali mama, mimi nimezoea kusubiri.* Na yeye, kwa sababu ya sheria ya ukutani, na baadaye kwa sababu ya haya, na baadaye tena kwa sababu miezi ikishapita hujui uanzie wapi, hakupiga. Zikabaki salamu za sikukuu, za maneno manne, zilizoandikwa kama anwani.

"Sijui nitamwambia nini," alimwambia jirani yake. "Nilifikiri nikiwa barabarani siku kadhaa, maneno yatakuja."

"Na yasipokuja? Utalala wapi huko mwisho?"

"Nitatafuta chumba huko huko. Nitamwona mchana, kama mgeni."

Mshona mapazia akanyanyuka, akaitengeneza futi yake shingoni. "Haya. Kitafute, nione," alisema, na mlangoni akageuka. "Mimi wangu wanne, wote wananipigia kuomba pesa tu. Lakini wananipigia."

Ijumaa Mama Laini alikitafuta. Mji wa Kidoti, kumbe, ulikuwa umepata hoteli za wageni wenye miwani ya jua, na bei zake hazikuwa za mtu wa pensheni. Alipiga ya kwanza, akapiga ya pili, hadi ya sita, zote hazikumfaa. Ya saba iliyobaki ilikuwa nyumba ndogo nyuma ya stendi, na aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito kama aliyetoka kupuliza moto.

"Tumejaa mama. Ni mafundi wa barabara, wako hapa hadi mwezi ujao."

"Hata kwenye korido sikatai."

"Koridoni nako kuna fundi." Mwanamke akakohoa. "Mama yangu, nikwambie ukweli. Mji huu mtu wa bei yako hapangi chumba. Anafikia kwa ndugu. Huna mtu hapa?"

Mama Laini aliitazama ramani, chini kabisa, pale uzi ulipoishia. Maishani mwake alikuwa amewauliza maelfu ya watu wanataka kuunganishwa na nani, na hakumbuki hata mmoja aliyemuuliza yeye.

"Ninaye," alisema.

"Sasa si umpigie huyo? Mimi unanimalizia salio lako bure."

Alipokata hakukawia, maana alijijua. Alibonyeza jina la Kidoti hapo hapo, simu ikiwa bado ya moto mkononi. Alikuwa ameandaa sentensi, usiku kucha alikuwa akiiandaa. Simu ilipopokelewa na sauti ikasema "Haloo," sentensi ikamtoroka kama ndege aliyefunguliwa mlango, ikabaki ile sauti nyingine, laini, isiyo na haraka.

"Habari za mchana. Naomba kuuliza nafasi ya usiku mmoja. Mtu mmoja."

Kwa mbali alisikia maji yakimwagika na mtoto akiimba wimbo usio na maneno.

"Mama?"

"Ndiyo mimi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kulala. Nakuja huko. Yaani, kama inawezekana. Tarehe kumi na nane, hata nikipata kona tu, mimi sichagui…"

Kitu kikaanguka upande ule, na mtoto akapiga ukelele. "Subiri," Kidoti alisema. "Subiri kwenye laini." Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu.

Akasubiri. Alisimama wima katikati ya sebule kama mtu aliyeitwa jina lake shuleni. Dakika ya kwanza aliona ni haki. Dakika ya pili alikumbuka kwamba kazini, wengi walikuwa wakikata hapo. Ya tatu ikapita, na ya nne, na alisikia nyayo, kisha mlango, kisha hakusikia kitu. Sasa ndipo akajua dakika kumi na moja zina ukubwa gani. Hazikuwa zinapita. Zilikuwa zimekaa chini pamoja naye. Naye hakuwa na uchungu wa kuzaa, wala hakuwa peke yake katika mji wa ugenini, wala hakuwa na miaka ishirini na mitatu.

Simu ikalia mlio mfupi sikioni. Alijua ni mlio gani: salio linaisha. Nyumba saba za wageni zilikuwa zimekula vocha yote kwa habari za ndoo na vitasa.

"Kidoti," aliita kwenye simu. "Mwanangu, salio…"

Ikakatika.

Aliitazama simu. Aliyepiga ndiye anayepiga tena. Safari hii aliyepiga alikuwa yeye, na sheria ilimhusu yeye, na kibanda cha vocha kilikuwa ng'ambo ya barabara. Alitoka bila viatu. Alikuwa amefika kwenye ngazi ya pili, kibegi cha pesa kwapani, simu ilipomlilia mkononi. Hata hakuutambua mlio wake mwenyewe. Kwa muda alitazama kushoto na kulia kuona ni simu ya nani.

"Imekatika," Kidoti alisema. Alikuwa anahema.

"Salio limeisha. Nilikuwa nakwenda kununua. Ningepiga."

"Nilikuwa namtoa mtoto kwenye beseni, kamwaga sabuni yote sakafuni. Nikarudi nakuta kimya. Nikasema, basi, kakata."

"Sijakata. Nilikuwepo muda wote."

"Sawa."

"Kidoti. Ile siku…"

"Mama, ile siku si ya kwenye simu." Sauti haikuwa kali, ila haikuwa imelainika pia. "Kwa sheria yenu ya kazini, ilikuwa nisipige. Ningekaa hapa nikusubiri wewe. Nimesimama na simu nikafikiri hivyo kabisa. Halafu nimechoka nayo, hiyo sheria yenu."

Mama Laini aliketi pale kwenye ngazi. Jiwe lilikuwa na joto la mchana.

"Godoro liko," Kidoti aliendelea. "La sebuleni. Mtoto anaamka alfajiri, na akiamka kila mtu kaamka."

"Maji yapo?" Lilimtoka tu.

Upande ule palikuwa na kitu ambacho kingeweza kuwa kicheko kama kingeachwa kikue. "Yanakuja. Unakuja na basi?"

"Na gari la baba yako. Nimepanga vituo saba."

"Saba? Unazunguka dunia?"

"Nitavipunguza."

"Punguza. Tarehe kumi na nane niko kazini hadi jioni, mtoto yuko kwa mlezi. Hakuna wa kukufungulia. Itabidi usubiri mlangoni."

"Nitasubiri," Mama Laini alisema.

Alipoingia ndani alivaa viatu, akatoka tena akanunua vocha, akarudi mezani, akachukua rula. Akafuta vituo vitano, akaacha viwili, kwa kuwa macho ni yale yale. Kisha akaanza kuwapigia mmoja mmoja kuwaambia, kwa kuwa mtu hawekewi ndoo mbili halafu asitokee. Yule wa kwanza alimkumbuka.

"Mama wa upelelezi! Mmebadili safari?"

"Nimebadili."

"Mmepata pazuri kuliko kwangu?"

Aliutazama mstari wa nane. Alikuwa ameandika *godoro, sebuleni*. Safu ya kitasa ilikuwa bado tupu, maana hilo hakuliuliza.

"Sijui bado, baba," alisema. "Sijawahi kufika."