Kanuni ya Dakika Ishirini

Kanuni ile aliiandika Sajini Makame mwenyewe, na siku aliyoiandika alivimba kichwa. Zamani kila redio ya kikosi ilikuwa na njia yake, na kuibadilisha ilibidi mtu apande mnara na koleo mkononi. Siku hizi njia zote zinashikwa na kompyuta moja pale Mbinga. Unaiandikia kanuni, nayo inahamisha mawasiliano ya jeshi kutoka mnara hadi mnara kabla hujapepesa jicho. Kanuni ya Makame ilikuwa fupi: redio ikikaa kimya dakika ishirini, ihesabiwe imezimwa, njia yake apewe mwingine.

Wakubwa wakampigia makofi. Hakuna aliyekumbuka, hata yeye, kwamba ni Makame huyo huyo aliyewafundisha askari wa boti za doria kule Lundo: ukiwa ziwani usipayuke redioni, wavusha magendo wana masikio. Kaa kimya. Ukiita, nitajua kuna balaa.

Asubuhi moja Koplo Thadei na wenzake watatu walikuwa majini, upande wa Chiwanda, upepo wa mwera, ule mkali wa kusini unaochafua ziwa, ulipoamka ghafla. Kikosini, wakubwa walikuwa na mkutano wa video, na njia zote zilizokaa kimya zilikuwa zimepelekwa huko. Mkutano ulipokwisha saa nne, Makame alifungua orodha ya maombi ya njia yaliyokataliwa, kwa mazoea tu.

Boti ya Thadei, saa mbili na dakika kumi: imekataliwa. Saa mbili na dakika kumi na mbili: imekataliwa. Mistari ilikuwa kumi na mmoja, na wa mwisho ulikuwa wa saa tatu kasoro dakika nane.

Aliifuta kanuni, akairudishia boti njia yake, akaita mpaka koo likamkauka. Redio ilikoroma tu. Alipopiga simu Lundo, walimjibu kuwa boti ya pili imeshatoka kumtafuta Thadei, lakini mawimbi yameirudisha. Makame aliona aibu kuliko hofu, kisha akaionea aibu hata hiyo aibu yenyewe.

Stella, mke wa Thadei, aliyekuwa akiuza chai pale kambini, akaingia na chupa yake.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba."

"Upepo huu umeninyima raha tangu asubuhi. Mume wangu kasikika?"

"Hapana," alisema Makame. "Redio iko kimya."

Stella akashusha pumzi, akacheka kidogo. "Mungu mkubwa! Si wewe mwenyewe uliyewafundisha? Wakinyamaza wako salama, wakiita ndipo tuogope." Akammiminia chai, kikombe kikajaa.

Makame hakukigusa. Aliigeuza skrini, mistari yote kumi na mmoja ikamwelekea Stella.

"Keti kwanza, mama," alisema. "Aliita."