Ndunge Anamlaza Mwanasesere

...na masharti ndiyo hayo, nisiseme neno, nisitikise kichwa, nisimkonyeze mtoto, nisicheke hata kama kinachekesha, maana mama akifungua mdomo tu, anasema huyu Joan mtafiti, kaseti nzima imeharibika, mtoto ataanza kusema anachodhani mama anataka kusikia, basi nimekaa hapa uani kwetu kama sanamu ya kanisani, mimi Immaculate ambaye hata padri anajua kunyamaza kunanishinda, kinasa sauti kiko mkekani katikati yetu, taa yake nyekundu inawaka, na Ndunge wangu anakitazama tu kama anayengoja kianze chenyewe... sema basi mama, sema chochote, hapana, si chochote, sema Kikamba, hata neno moja, kama tulivyofanya mazoezi, maana nimemfundisha wiki nzima, asubuhi kabla sijaenda hotelini kutandika vitanda vya watu namkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, haya, maji sisi tunayaitaje, mama tunamwitaje, sema mwaitu, naye ananitumbulia macho, na leo nimemvisha gauni la Jumapili na soksi juu, kwa joto hili la Ukunda, nilidhani utafiti ni kama kliniki, mtoto anapelekwa akiwa safi, anapimwa, anaambiwa amepita, kumbe Joan alipoingia na mkoba wake alicheka mpaka akashika ukuta, "Mama Ndunge, hii si exam jamani, hakuna kupita hakuna kufeli, mimi nataka tu kujua mtoto anajifunzaje kuongea kwa nyumba iko na lugha nyingi, ndio naandikia chuo," akamvua soksi yeye mwenyewe, nami nikacheka, ningefanya nini, lakini kwangu ni mtihani, kwa Justus mume wangu ni mtihani, jana tu akifunga ile tai yake ya uhudumu amesema tena, "Kama huyo msomi hatamsikia akisema hata neno moja la kwetu, likizo yangu ikianza nampeleka kwetu Mutomo kwa mama, akae huko mpaka lugha yake imkae," amesema kama mtu anayeagiza chai, nami nikasema sawa, kinywa hiki hiki kilisema sawa, kwa sababu ya Pasaka...

Pasaka mama mkwe alishuka na gunia la mbaazi, amesafiri siku nzima na vumbi mpaka kwenye kope, akamnyooshea mjukuu mkono, akamsalimu kama tunavyosalimiwa sisi, mtoto anaitikia neno moja tu, jepesi hata kuku angelijua, na Ndunge akakimbilia nyuma ya Bi Mapenzi, Mdigo jirani yetu, akamshika leso, akauliza kwa Kidigo, huyu ni nani, na kwa nini anasema hivyo... watu wote wa uani wakacheka, nami nikaanza kucheka, halafu nikamwona mama mkwe anautazama ule mkono wake uliobaki hewani, akaurudisha taratibu, akasema kwa Kikamba, mmenizalia mgeni, hakusema kwa hasira, angekasirika ningejua la kujibu, na tangu siku hiyo nikila mbaazi nalisikia neno hilo, mmenizalia mgeni... "Ndunge, tazama, huyu mtoto amechoka," ni Joan, sauti yake nyororo, anatoa mwanasesere mkobani, kimwanasesere cha kitambaa chenye jicho moja kubwa kuliko la pili, "unamlazaje mtoto akichoka? Mlaze nione," na Bi Mapenzi kule pembeni amesimamisha mkono, anashona makuti ya hoteli, naye amekatazwa kusema na hajaipenda kabisa, "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa Ukunda, leo ninanyamazishwa na redio? Haya, nitanyamaza, lakini makuti hayajui kunyamaza," Joan akamwambia, "Makuti ni sawa shosho," akajikumbuka, "ni sawa bibi," na kweli tangu wakati huo ni makuti tu yanayosema, kwaruu, kwaruu, atayasikia yote kwenye kaseti yake huko Nairobi... na Ndunge amemchukua mwanasesere, anamgeuza, anamnusa, amemweka mgongoni, anatafuta leso, hakuna leso, amevuta kitambaa changu cha kichwa, kichukue mama, kichukue, nisiseme neno, amekifunga, ameinama kidogo mbele kama bibi mwenye mgongo, anampigapiga matako yule mtoto wa kitambaa, "Nyamala," anasema, "nyamala, usirire," basi, imekwisha, Kidigo, neno la kwanza kwenye kaseti ni Kidigo, Justus tayarisha sanduku...

lakini anaimba, ngoja, anaimba ule wimbo, ni wimbo wa Bi Mapenzi na ninajua alifundishwa lini kwa sababu nilikuwapo, mwaka juzi, mwaka wa vurugu, sisi wa bara tulipokuwa tunafukuzwa pwani, tunafungasha tukimbie na hatujui tukimbilie wapi, Ndunge bado ananyonya, Bi Mapenzi akatuingiza chumba chake cha ndani, akaweka mzigo wa makuti mlangoni kama mtu mwenye kazi zake tu, akanipokonya mtoto maana maziwa yangu yalikuwa yamekauka kwa hofu na mtoto alikuwa anataka kulia, na nje miguu inapita, akamwimbia sikioni, chini chini, nyamala, usirire, hakulia, Ndunge hakulia hata kidogo, na sasa anamwimbia mwanasesere vile vile, chini chini, mdomo sikioni, anadhani hivyo ndivyo nyimbo zinavyoimbwa... asante Mungu kwa wimbo huo, siwezi kuuchukia, nataka kulia na nimekatazwa hata hilo, na jambo la ajabu, ninauelewa, neno kwa neno, sasa anamwambia mwanasesere baba ataleta samaki, sasa anamwambia asimguse paka ana viroboto, yote ninayaelewa, nani alinifundisha mimi, hakuna aliyenikalisha juu ya ndoo, yameniingia tu nikifua, nikipika, nikisikiliza ukuta wa pili, kama Justus na Kijerumani chake, anakisema mezani mpaka wazee wa Kijerumani wanampigia makofi, na hakuna shangazi aliyempeleka Ujerumani, alikipata kwa kusikia kila siku mtu akiomba bia, basi kwa nini mtoto wangu apelekwe mahali kama barua... "Vizuri," Joan anasema, "na baba yuko wapi? Nionyeshe baba," na Ndunge anasimama wima, kifua mbele, ameweka kiganja juu kama amebeba sinia, anatembea kwa madaha kuzunguka mkeka, "Bite, bite," anasema, "danke!" Mungu wangu, Bi Mapenzi amejifunika uso kwa kuti, mabega yanamtetemeka, nami nimejiuma ulimi mpaka nimeonja damu, ni Justus, ni Justus mtupu, hata ile shingo, mtu anayedai lugha ya kwao na mwanawe anamjua kwa danke... "Na mama? Nionyeshe mama," hapo kicheko kimenikauka, Ndunge anafikiri, anatoka mpaka kwenye mlango wa uani, anarudi, anakokota miguu, anavua viatu asivyovivaa, kimoja, cha pili, anashika kiuno, anashusha pumzi ndefu, haaa, analala mkekani, anafumba macho. Hasemi kitu.

Joan anangoja, mimi nangoja, Ndunge amelala, jicho moja linachungulia, bibi ana Kidigo, baba ana Kijerumani cha bia, na mama ana pumzi, yaani hiyo ndiyo mimi, mimi mropokaji, namaliza maneno yangu yote kwenye vyumba vya wageni, habari ya asubuhi bwana, taulo mpya mama, nawapigia soga wenzangu mpaka tunakemewa na msimamizi, kisha narudi nyumbani nikiwa ganda, na hata tukizungumza mimi na Justus tunazungumza Kiswahili cha kazini, zamu yako, zamu yangu, nani amenunua mkate, kwa hiyo hicho Kikamba alikisikia wapi, kwa nani, juu ya ndoo kwa wiki moja? Tunamdai kitu ambacho hatujampa, na tungempeleka Mutomo akakipate, angekipata, sana, watoto ni wepesi, angerudi akiwa anasema vizuri kuliko baba yake, na angekuwa amenisahau mimi, angenisalimu kwa heshima zote kama mgeni aliyeshuka na gunia... hapana, haendi, nimesema, bado sijasema lakini nimesema, Justus akija leo nitamwambia kabla hajavua tai, mtoto haendi, na asinitolee macho, nitamwambia kwa Kikamba ili naye akumbuke kinavyosikika, na kama anataka mama yake amfundishe mjukuu, mama yake na aje, aje akae mwezi mzima, atalala na Ndunge, mchana atakaa hapa uani na Bi Mapenzi, atajifunza kushona makuti, wale wawili hawana lugha moja, mama mkwe Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu, watapigiana kelele kama viziwi, halafu Kikamba kikishamwingia Ndunge watagundua wana mtoto mmoja anayeweza kwenda huku na huku, bibi anasema hivi, nyanya anasema vile, Ndunge katikati, mdogo hivyo na anahitajika na wazee wawili, na huo mkono wa mama mkwe hautabaki hewani tena... ninatabasamu, Joan amenitazama, kutabasamu hakumo kwenye masharti, hakutoi sauti, nao ulimi wangu umejaa maneno, sijui yalikuwa wapi, maneno ya mama yangu akipepeta mtama, yale ya kumwita kuku, ya kumtania mtoto mchafu, yamejipanga mdomoni yanangoja kaseti iishe, taa bado ni nyekundu, makuti yanasema, kwaruu, Ndunge amelala pale akiwa mimi, amechoka, hasemi kitu, lala tu mama, lala, siku nyingine ukiniigiza hutakosa la kusema.