Pokuaa na GB Kumi na Sita za Frema

Uso wa marehemu Bi Sarpomaa ulitokea nusu, kuanzia kilemba hadi puani, kisha laptop ikaganda. Pokuaa alibonyeza kila kitufe, akaipulizia, akaitukana. Haikusikia.

Mzee Ntim, msemaji wa ukoo, alikuwa ameketi kwenye benchi la duka, kitambaa cheusi cha msiba begani.

"Mwanangu, mazishi ni keshokutwa," alisema. "Bango lisipobandikwa njia panda leo, watu watasema tunamzika mama yetu kwa siri. Kama mashine yako imechoka sema, nivuke."

Kuvuka maana yake kwenda kwa Frema, ng'ambo ya mtaro. Pokuaa na Frema walisoma chuo kimoja hapo Kumasi, wakapata diploma siku moja, wakafungua maduka ya mabango ya misiba yanayotazamana. Tangu Frema aongeze memori kwenye laptop yake, wafiwa walipanga foleni upande wake. Pokuaa aliiona foleni ile kila alipoinua macho, na aliyainua mara nyingi mno.

"Nipe mpaka saa tisa, mzee," alisema, akaikumbatia laptop na kutoka.

Fundi Elikem alikuwa anakula kenkey, donge la unga wa mahindi, kwa samaki. Alinawa, akafungua mfuniko wa chini, akachungulia.

"Una GB nne tu humu. Hata simu ya bibi yangu inaizidi hii. Nakuchomekea nane kwenye nafasi iliyo wazi, zinakuwa kumi na mbili. Zinakutosha kuzika mji mzima."

"Frema ulimwekea ngapi?"

"Dada, ya Frema mwachie Frema."

"Ngapi, Elikem?"

"Kumi na sita."

"Basi mimi niwekee thelathini na mbili."

Elikem alicheka hadi akashika meza. "Kizee hiki? Mwisho wake kumi na sita, na hapo nitoe hiyo nne, niweke nane mbili. Leo ninayo moja tu. Nyingine inakuja kesho na basi la Accra."

"Nitasubiri kesho."

"Na mzee wa watu?"

Pokuaa alipiga hesabu. Ukoo wa Ntim ni mkubwa. Anayetengeneza bango la kwanza hupewa na yanayofuata. Akiikosa kazi hii, ukoo mzima umehamia ng'ambo. Lakini kumi na mbili? Frema angeuliza, maana Frema huuliza kila kitu, kisha angetabasamu lile tabasamu lake la kumpa mtu pole.

Elikem aliiwasha laptop aone kinachoilemea. Ikajivuta, ikarudisha kila kilichokuwa wazi: mwalimu mkuu marehemu, muuza kakao marehemu, pacha marehemu, bango juu ya bango.

"Hawa wote wa nini?" Akavuta picha moja karibu. Kwenye kona palikuwa na namba ya simu ya Frema. Akavuta nyingine. Namba ileile. "Dada. Hawa ni wafu wa Frema."

Pokuaa alikuwa amewapiga picha kwenye kuta walikobandikwa, mmoja mmoja. Kila alipofanya kazi aliwafungua wote, alinganishe fremu na herufi za dhahabu, kisha aongeze ua moja zaidi ya Frema.

"Funga," alisema.

"Lakini hizi ndizo zinazokula memori yako..."

"Nimesema funga. Na mdomo pia."

"Hodi hapo," ilisema sauti mlangoni. Pokuaa alikishusha kioo cha laptop kwa kiganja kabla Frema hajaingia.

"Mwenzangu, mzee Ntim amevuka," Frema alisema. "Anasema picha na majina ya wafiwa viko kwako. Nihamishie tu nimalizie, tusiwaaibishe watu." Akaitazama laptop iliyofunuliwa tumbo. Tabasamu likaja. "Inasumbua eh? Pole. Anakuwekea ngapi?"

"Nane," Pokuaa alisema. "Zinanitosha. Mwambie mzee arudi kwenye benchi langu, bango linatoka saa tisa."

Na lilitoka. Bi Sarpomaa alionekana mzima, hadi mikufu. Mara mbili mkono wa Pokuaa ulikwenda kufungua wafu wa Frema, na mara mbili akaurudisha. Mzee Ntim alilitazama bango, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka nalo.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Pokuaa alipita njia panda kuona kama watu wanasimama kulitazama. Alisimama mtu mmoja tu. Frema, simu mkononi, alikuwa anampiga picha Bi Sarpomaa. Akasogea, akapiga fremu. Akasogea tena, akapiga herufi. Hakumwona mwenzake.

Pokuaa alifurahi, tena sana, mpaka alipofika kona. Hapo akakumbuka kwamba Frema ana kumi na sita. Mabango yote ya Pokuaa anaweza kuyafungua kwa pamoja, na mashine isitikisike.

Akageuza njia, akaenda kwa Elikem kuuliza kama basi la Accra limeshafika.