Kucha za Keza

Bernardine alipoona kucha za mjukuu wake zimepigwa mistari myeusi, moyo ulimlipuka. Mtaa mzima wa Nyamianda wajua maana yake: karuho, ile sumu ya polepole ambayo mtu hutiliwa katika kinywaji na jirani anayecheka naye. Tena Keza alikuwa ameanza kuchoka. Akivuka uwanja tu, ilimbidi akae.

Hakutafuta mbali. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yake alikaa Consolate, ambaye vita vilimfukuza kutoka Rurambo na ng'ombe mmoja aliyebaki, naye kila asubuhi alimpa mtoto maziwa.

“Onja kwanza,” Bernardine alimwambia mbele ya majirani.

Mwenye kutoa kinywaji hukionja. Ni desturi, wala si tusi. Kuamriwa ndiko tusi. Consolate alikunywa nusu kikombe, akapangusa mdomo.

“Umeridhika, Mama? Ao ninywe na sufuria?”

Tangu hapo akaonja kila kitu, hata maji. Kucha zikazidi kuwa nyeusi. Bernardine akasema mlozi ana kinga yake, akamwamuru ahame kabla ya Jumapili.

Jumamosi Keza alianguka uwanjani. Bernardine akambeba mgongoni mpaka kituo cha afya, ambako hawakuwa wamefika tangu risasi zilipoanza kulia. Siku ya kupima damu iliwapita wamejificha. Muuguzi Étienne alisikiliza habari ya karuho hadi mwisho, kisha akavuta chini kope la mtoto. Ndani palikuwa peupe kama unga wa muhogo.

“Mama, kucha hazina neno. Damu ndiyo imepunguka. Barabara ilipofungwa, kabla risasi hazijafika huku, dawa zake za zamani za UKIMWI zikakosa kufika, tukawapa hivi vidonge vingine. Kwa watoto wengine vinakula damu, na kucha vinazitia weusi.”

Vidonge? Vile alivyovifungia sandukuni asiviguse mtu mwingine? Asubuhi na jioni, kwa mkono wake mwenyewe, akimbembeleza mtoto ameze, akimsifu akishameza?

“Basi iko minye, mimi mwenyewe,” alisema, akaketi sakafuni.

Étienne alimweleza kwamba bila dawa virusi vingemwua mtoto. Angeongezwa damu hospitalini siku ile ile, na kupewa kidonge kingine ambacho hakiachwi hata siku moja. Akamnyoshea pakiti. Mkono wa Bernardine haukunyanyuka. Muuguzi akaitia katika kikapu.

Jioni, damu ikidondoka katika mshipa wa Keza, Consolate aliingia hospitalini na kitenge cha kumfunika mtoto. Bernardine alimsimulia yote bila kumtazama usoni, akamsihi yeye ndiye awe anampa dawa.

“Ili kucha zikigeuka tena, weye useme ni minye?”

“Mkono wangu unakataa.”

“Utakubali.” Consolate akakiweka kidonge katika kiganja cha yule mzee, akainua kichwa cha mtoto. “Fungua kinywa, Keza. Bibi yako anangoja.”

Bernardine akakipeleka kinywani. Kidonge kikagonga meno ya mtoto, lakini kikaingia.