Dereva wa Kukhu Jescah

Andati alipomwambia nyanyake kwamba serikali imeanza kuwafundisha wanafunzi wa bweni kuendesha gari kwa kidude cha mkononi, alitumia sauti ya mtu anayesoma habari redioni. Kidude chenyewe kilikuwa cha gemu, alichoazima kwa binamu yake Philip likizo ilipoanza, na ndani yake magari mekundu na ya manjano yalifukuzana kwenye barabara za milimani. Kukhu Jescah, kama wote pale nyumbani Lubao walivyomwita nyanya huyo, alivaa miwani akatazama.

"Na hizo kona mnapiganga bila honi?"

"Honi tutafundishwa muhula ujao, Kukhu."

Utani ulipaswa kuishia hapo. Lakini Kukhu hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi kando ya mjukuu wake, akaomba safari njema kabla Andati hajabonyeza kitufe. Ikawa hivyo kila jioni. Siku gari lilipogonga ukuta na kupinduka, Kukhu alishika kifua akauliza kama kuna walioumia. Andati akamjibu, kwa huzuni ya afisa wa trafiki, kwamba wawili wamepelekwa hospitali ya Iguhu na wanaendelea vizuri. Kisha akaenda nyuma ya choo, akacheka hadi mbavu zikamuuma.

Jumapili kicheko kilimkauka. Kukhu alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, akashukuru kwamba Mungu ameinua dereva katika nyumba ya mjane. Akina mama wakapiga vigelegele. Andati akainamia kitabu cha nyimbo, akijiambia kwamba maneno ya kanisani huishia kanisani.

Hayakuishia. Alhamisi akina mama wale wale walikuja kwa Kukhu kwa maombi, pamoja na Pasta Wekesa. Pasta alikuwa amezama kwenye ingokho, jogoo aliyechinjwa kwa heshima yake, vidole vimejaa mchuzi, wakati trekta la miwa liliposimama langoni likitaka kupita. Gari la Pasta lilikuwa limeziba njia.

"Kula tu, Pasta," Kukhu akasema. "Mwenye kazi yuko. Andati, chukua ufunguo."

Viti viligeuzwa kutazama uwanja. Andati akaketi nyuma ya usukani. Kwenye gemu kulikuwa na vitufe viwili, cha kwenda na cha kusimama. Hapa palikuwa na pedali tatu, na yeye alikuwa na miguu miwili. Akazungusha ufunguo. Gari likaruka mbele kama mbuzi, likazimika. Kuku wakatawanyika.

"Dereva amelala?" mama mmoja akauliza.

"Wacha yeye, anapasha injini moto," mwenzake akamjibu, na wote wakangoja kwa adabu.

Kukhu alikuja dirishani. Andati hakuweza kumtazama usoni. Alitazama vidole vyake, vilivyokuwa bado na unga wa obusuma, ule ugali wa wageni.

"Ilikuwa gemu tu, Kukhu," akanong'ona. "Sijui kuendesha. Nilikudanganya."

Kukhu aliondoka dirishani. Kisha akawageukia wageni.

"Anasema hana leseni. Hataki kuvunja sheria mbele ya Pasta."

Makofi yaliyopigwa yalizidi vigelegele vya Jumapili. Pasta alinawa, akasogeza gari mwenyewe, kisha akamshika Andati begani na kumwita mfano kwa vijana. Andati alisimama pale akipokea sifa, masikio yakimwaka, akitamani mtu amchape. Nyanyake hakuwahi kudanganya hata kuhusu umri wa kuku anayemuuza sokoni. Leo alikuwa amelidanganya kanisa lake, kwa ajili yake.

Wageni walipoondoka alimfuata nyanyake jikoni. Kukhu alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria.

"Wale wawili wa Iguhu," akasema bila kugeuka. "Nimekuwa nawaombeanga kila asubuhi. Hawakuwako?"

"Hawakuwako, Kukhu."

Akakwangua tena kidogo.

"Basi hakuna aliyeumia," akasema. "Afadhali."

Andati akamwomba sufuria amalizie kukwangua. Safari hii hakutumia sauti ya redioni.